Hayabusa iliyorefushwa na kushushwa inagoma kona: tatizo ni mikono yangu au pikipiki?

Msomaji mmoja ameniandikia, nami nafupisha maneno yake. Kwa miaka minne ameendesha pikipiki ya michezo ya cc 600, ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Sasa amenunua Hayabusa, pikipiki kubwa ya Suzuki, iliyotumika. Mwenye nayo wa kwanza aliirefusha nyuma kwa sentimita 20, akaishusha mbele na nyuma, akaivisha tairi pana ya milimita 240. Kwenye barabara nyoofu anaipenda mno. Kwenye kona anasema inamgomea: anaisukuma, haitaki kulala, inatanuka kwenda nje. Wiki iliyopita, kwenye mzunguko wa makutano, chuma kiligusa lami upande wa kushoto, pikipiki ikaruka kidogo, akadhani anaanguka. Anauliza mambo mawili: ni mikono yake ambayo haijazoea, au ni pikipiki yenyewe? Na je, arudishe swingamu ya kiwandani, yaani ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma?

Ndugu yangu, nianze na hicho chuma kilichogusa lami, maana ndicho kilichonishtua kwenye barua yako. Kwenye pikipiki ya kiwandani, kitu cha kwanza kugusa chini kwa kawaida ni futiresti, nayo imewekewa bawaba ili ijikunje. Inakwaruza, inakuonya, unairudisha pikipiki juu kidogo, safari inaendelea. Kwenye pikipiki iliyoshushwa, kinachotangulia kugusa ni ekzosi, kava la chini au stendi, na hivyo havijikunji. Vinageuka kuwa mguu wa tatu. Uzito unahama kutoka kwenye tairi ya nyuma kwenda kwenye hicho chuma, tairi inabaki nyepesi au inanyanyuka kabisa, na mshiko unakatika bila kukupa nafasi ya kujirekebisha. Ule mruko uliousikia ulikuwa tairi yako ya nyuma ikiachana na barabara. Umenusurika, na nashukuru umeuliza kabla ya kona nyingine.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: sehemu kubwa ni pikipiki. Mikono yako inafanya kile ilichojifunza kwenye 600, ila sasa imepewa chombo chenye mipaka mingine kabisa.

Watu husema kurefusha na kushusha kwa pumzi moja, kana kwamba ni jambo moja. Ni mawili, na kila moja lina madhara yake. Yote yametoka kwenye mashindano ya kukimbia mstari mnyoofu, ambako adui mkubwa ni gurudumu la mbele kunyanyuka unapofungua mafuta. Ukipeleka gurudumu la nyuma mbali zaidi na ukashusha kitovu cha uzito, mbele inatulia chini na nguvu yote inakwenda kusukuma. Kwa kazi hiyo wazo ni sahihi kabisa. Ila kwenye mashindano hayo hakuna kona hata moja.

Tuanze na urefu. Hayabusa, tangu ilipotoka mwaka 1999, imekuwa na takriban milimita 1,480 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Yako sasa ina kama 1,680. Hilo ni ongezeko la zaidi kidogo ya asilimia 13, na duara dogo kabisa unaloweza kugeuza kwa usukani uliokunjwa mpaka mwisho limekua kwa kiasi hichohicho. Gurudumu la nyuma pia linakata ndani zaidi kuliko la mbele: ukigeuka polepole kwenye duara la nusu kipenyo cha mita 5, la nyuma linapita karibu sentimita 28 ndani ya njia ya la mbele, wakati kabla ya kurefushwa lingepita kama 22. Usipite karibu na ukingo wa barabara kama ulivyozoea. Gurudumu la mbele litapita salama, la nyuma litapanda ukingo.

Kuna jambo jingine la urefu ambalo wengi hawalioni. Swingamu ndefu haikusogeza mwili wa pikipiki wala wako kutoka kwenye gurudumu la mbele. Ilichofanya ni kulipeleka la nyuma mbali, na hivyo kulipunguzia mzigo. Tuseme kiwandani uzito uligawanyika nusu kwa nusu, na wewe pamoja na pikipiki mna kilo 340. Nyuma palikuwa na kilo 170. Kwa sentimita 20 ulizoongezewa, panabaki kama 150. Kilo 20 zimehamia mbele. Ndiyo maana ukifungua mafuta ukiwa umelala kwenye kona, tairi ya nyuma inaweza kuteleza mapema kuliko unavyotarajia, ingawa ni pana na inaonekana kama haitateleza kamwe. Injini ni ileile, nguvu ni ileile, lakini kinachoikandamiza tairi kwenye lami kimepungua. Kwenye 600 yako gurudumu la mbele lingekuwa jepesi kwanza na kukuambia kwamba umezidisha mafuta. Kwenye hii onyo hilo limeondolewa, unapata matokeo moja kwa moja.

Kwenye breki hali ni tofauti na wanavyosema vijiweni. Utaambiwa pikipiki ndefu haiwezi kunyanyua nyuma unapobana breki ya mbele, na kwamba breki ya nyuma sasa ina nguvu zaidi. Kurefusha peke yake karibu hakubadilishi kiwango cha breki kinachonyanyua nyuma, kwa sababu umbali wa kitovu cha uzito kutoka ekseli ya mbele umebaki karibu palepale. Kinachosaidia hapo ni kushusha. Na gurudumu la nyuma, kwa kuwa linabeba uzito mdogo tangu mwanzo, halikupata mshiko mpya wa kujivunia. Breki yako kuu ni ya mbele, kama zamani: ibane kwa kuongeza nguvu taratibu, pikipiki ikiwa wima, kabla ya kona.

Urefu basi una gharama, lakini dereva makini anaweza kuishi nao. Kinachonitia hofu zaidi ni kushushwa.

Hesabu ya kona ni rahisi. Kadiri unavyokwenda kasi au kona inavyokaza, ndivyo pikipiki inavyolazimika kulala zaidi, na uzito wake hauna habari hapo. Kona ya nusu kipenyo cha mita 30, kwa digrii 45 ambazo pikipiki nyingi za michezo zinazimudu zikiwa za kiwandani, inakupa mwendo wa kama kilomita 62 kwa saa. Kwa digrii 20, kona hiyohiyo inakupa 37 tu. Sasa fikiria umezoea kuipita kwa 50 bila wasiwasi. Mwendo huo unadai kama digrii 33. Kama pikipiki yako haina digrii 33 za kukupa, hakuna ustadi wa mikono utakaozitengeneza.

Tena zinahitajika digrii nyingi zaidi ya zile za kwenye hesabu. Tairi ina upana, na pikipiki inapolala, sehemu inayogusa lami huhama kuelekea ndani ya kona, hivyo inabidi ulaze zaidi ili kufidia. Tairi ikiwa pana zaidi, fidia inakua. Kitovu cha uzito kikiwa chini zaidi, fidia inakua tena. Wengi hudhani pikipiki ya chini inahitaji kulala kidogo, ni kinyume. Tairi yako ya 240 pamoja na kushushwa vinakudai digrii moja au mbili zaidi kwa kona ileile na mwendo uleule, wakati nafasi ya kulala imepungua. Hiyo 240 pia inachangia ule ugumu wa kulaza unaousikia mikononi, kwa kuwa pikipiki inapanda juu ya bega pana la tairi badala ya kujiviringisha kama ilivyokuwa na 190.

Kabla hujaiendesha tena, pima. Chukua ubao mpana ulionyooka, mrefu kama pikipiki. Simamisha pikipiki wima kwenye sakafu sawa, wewe ukiwa juu na nguo zako za safari, rafiki akiishika. Rafiki wa pili alaze ubao sakafuni, ukingo wake wa ndani ukigusa tairi zote mbili pale zinapokutana na sakafu, kisha anyanyue ukingo wa nje taratibu mpaka ubao ugonge kitu. Huo ubao ndio barabara, na pikipiki ndiyo iliyolala. Weka simu yenye programu ya kupima pembe juu ya ubao, soma digrii, halafu inama uone ni kitu gani kimeguswa. Fanya pande zote mbili, kwa maana upande wenye stendi na ule usio nayo mara nyingi haufanani.

Nilipimia hivi pikipiki moja ya mwanafunzi wangu, imerefushwa na kushushwa kama yako. Upande wa kulia ilitoa digrii 31. Upande wa kushoto ubao ulisimama kwenye 24, na nilipomulika tochi nikaona kichwa cha boliti ya stendi kimesuguliwa kikang'aa kama sarafu mpya, na kava jirani yake lina mkwaruzo mweupe wa urefu wa kidole. Alikuwa ameendesha miezi mitatu akidhani ile sauti ni cheni.

Digrii utakazosoma si zote za kutumia. Ukilala digrii 30 unazibana springi kwa uzito wa karibu asilimia 15 zaidi ya ukiwa wima, pikipiki inakaa chini zaidi, na barabara ina mabonde. Mimi hupunguza digrii 8 kutoka kwenye kipimo cha sakafuni, na ikibaki chini ya 20 namwambia mwenye pikipiki asiende nayo barabarani mpaka ainyanyue.

Springi nazo zina habari yake. Swingamu ndefu ni kama mtarimbo mrefu: gurudumu linapata nguvu zaidi ya kuikandamiza shokapu ileile. Tuseme swingamu ilikuwa sentimita 60 na sasa ni 80. Kwenye gurudumu, springi ile imebaki na ugumu wa kama asilimia 56 tu ya ule wa mwanzo. Kilo 20 zilizohamia mbele zinasaidia kidogo, lakini hazitoshi. Kama mwenye nayo wa kwanza hakuweka springi ngumu zaidi, nyuma yako inazama. Inazama zaidi unapofungua mafuta, kwa sababu kushusha kumeilaza swingamu, na ule mshuko wake kutoka kwenye fremu kuelekea ekseli, ambao hufanya mvuto wa cheni usaidie kuzuia nyuma isikae, umepotea. Unatoka kwenye kona, unatia mafuta, nyuma inakaa, mbele inainuka, usukani unafunguka, pikipiki inatanuka kwenda nje. Hicho ndicho unachokiita kugoma.

Kwa hiyo kuna kazi ya fundi kabla ya kazi yako. Angalia mbele kama kuna mkanda unaozifunga shokapu zisinyooke. Ukiuona, uondoe leo. Mkanda huo ni wa siku ya mashindano tu, kwa sababu gurudumu lisiloweza kushuka kwenye bonde linaachana na lami. Angalia nyuma kama shokapu imebadilishwa ikawekwa fimbo ya chuma tupu. Kama ndivyo, hatuna mazungumzo ya kona mpaka shokapu irudi. Kisha angalia jinsi ilivyoshushwa. Nyuma huwa wamebadilisha vyuma vya linki, vinavyounganisha swingamu na shokapu, kwa virefu zaidi. Mbele wamepandisha mirija ya shokapu ndani ya kishikio cha usukani. Nyuma ikishuka kuliko mbele, shokapu za mbele zinalala zaidi, usukani unakuwa mzito na mvivu. Mbele ikishuka kuliko nyuma, usukani unakuwa mwepesi lakini wa wasiwasi kwenye mwendo mkubwa. Mwambie fundi arudishe linki za kiwandani, arudishe mirija mahali pake, na aweke springi inayolingana na swingamu hiyo na uzito wako. Ukikaa juu, nyuma ishuke milimita 30 hadi 35 kutoka inaponing'inia, basi. Cheni ndefu nayo inalegea kwa kiasi kikubwa kuliko uliyozoea. Ikaguliwe ikiwa kwenye sehemu inapokaza zaidi, na paipu ya breki ya nyuma ihakikishwe kuwa ni ndefu ya kutosha na haisuguani na chochote.

Hapo sasa ndipo mikono yako inaingia.

Tafuta uwanja mpana wa lami safi, usiwe na mtu. Bandika tepu ya karatasi kwenye kava la chini, kwenye ekzosi na kwenye ncha ya stendi, pande zote mbili. Panga koni kwenye duara la nusu kipenyo cha mita 15. Zunguka kwa 15 kwa saa, kisha 18, kisha 20, mizunguko mitano kila upande, ukisimama kukagua tepu. Kwenye duara hilo, kilomita 26 kwa saa zinahitaji kama digrii 20, kwa hiyo huhitaji mwendo wa kutisha ili ujue pikipiki yako. Tepu ikianza kuchubuka, umeukuta mpaka mahali ambapo hakuna gari linalokuja mbele yako. Kariri jinsi kiuno chako, macho yako na mikono yako vilivyohisi dakika hiyo.

Ili ilale, sukuma mpini wa upande unaoelekea. Kona ya kulia, sukuma mpini wa kulia mbele. Najua ulifanya hivyo kwenye 600, huenda bila kujua. Kwenye hii unahitaji nguvu zaidi na subira zaidi: anza kusukuma mapema kidogo, ongeza polepole, kisha shikilia. Ukiisukuma kwa mshtuko kwa kuwa inachelewa, itaanza kulala wakati umeshaongeza nguvu, na utajikuta umepita kiasi.

Mwili wako ndio digrii za bure ulizonazo. Kabla ya kona, wakati pikipiki bado iko wima, sogeza tako moja nje ya kiti upande wa ndani, kunja kiwiko cha ndani, peleka kifua na kichwa kuelekea kioo cha upande huo. Uzito wako ukiwa ndani, pikipiki inapita kona ileile ikiwa imelala digrii chache pungufu, na kwako digrii chache ni umbali kati ya stendi na lami. Kwenye 600 ungeweza kupuuza hili kwenye barabara za kila siku. Kwenye hii lifanye kila kona, hata ya taratibu, mpaka lisikuhitaji kufikiri.

Maliza kupunguza mwendo kabla ya kulaza. Ingia ukiwa upande wa nje wa njia yako, ngoja mpaka uone mwisho wa kona, na uikaribie kingo ya ndani ukiwa umeshapita katikati. Pikipiki hii ikitanuka, iwe na mahali pa kutanukia ambapo bado ni njia yako. Mafuta yawe ya kushikilia tu, yakiongezeka kidogo kidogo kadiri unavyonyanyuka. Nguvu ya Hayabusa inunue ukiwa wima.

Na chuma kikigusa tena? Silika itakuambia ufunge mafuta na ubane breki. Usifanye. Ukifunga mafuta ghafla mbele inazama, nafasi iliyobaki chini inapungua zaidi, na injini inaivuta tairi ya nyuma ambayo tayari ni nyepesi. Shikilia mafuta, sogeza mwili ndani zaidi, na kama barabara inaruhusu acha pikipiki inyanyuke kidogo na kupanua njia yake. Ndiyo maana nimekuambia uingie polepole: nafasi hiyo ya kupanua uwe nayo.

Kugeuza nyuma kwenye barabara nyembamba, tumia klachi nusu, breki ya nyuma kidogo, mwili uegemee nje na macho yaangalie unakotaka kwenda, si chini. Pasipotosha, shuka uisukume, hakuna aibu. Kwenye matuta, punguza hadi mwendo wa mtu anayetembea. Pikipiki ndefu na ya chini inakaa juu ya tuta kwa tumbo, yaani gurudumu la mbele limeshashuka na la nyuma halijapanda. Usibane breki ya mbele ukiwa juu ya tuta, kwani ndiyo inayoliangusha tumbo.

Sasa swali lako la pili, urudishe swingamu ya kiwandani au la. Ungeniletea pikipiki hii asubuhi, ningeinyanyua kwanza, ningeweka springi, kisha ningepima tena kwa ubao. Ukipata digrii 35 kila upande kwenye kipimo cha sakafuni, na uwanjani ukajisikia mtulivu, unaweza kubaki na sentimita zako 20 kwa safari za kawaida. Baada ya hapo ningeondoa 240 na kurudi kwenye 190, na nadhani hilo litakushangaza kuliko kufupisha. Kama safari zako nyingi ni za milima na kona mfululizo, rudisha swingamu ya kiwandani bila kuhuzunika, au nunua ile inayorekebishika urefu na uvute gurudumu ndani siku za barabara. Ila ukinyanyua na bado ubao unagonga kwenye 25, usinisubiri nijibu tena. Iache nyumbani mpaka fundi apate kinachogonga.